Wagiriki waliobeba bunduki za Mjerumani: walikuwa SS au jeshi la Ugiriki?

Mdau ameuliza: "Mkuu, nimeona picha ya askari wa Kigiriki wamevaa ile sketi nyeupe ya asili, wamesimama na ofisa wa Kijerumani, Athens 1944. Jamaa yangu anabisha kwamba hiyo ni divisheni ya SS ya Wagiriki. Ni kweli? Kama sio, amri walikuwa wanapokea kwa nani? Na baada ya Mjerumani kuondoka walifanywaje?"

Ndugu yangu, divisheni ya SS (jeshi la chama cha Nazi cha Hitler) ya Wagiriki haijawahi kuwepo. Walatvia walikuwa nayo, Waestonia pia, hata Wafaransa, ila Ugiriki hapana. Na sio kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1942 kuna chama cha kifashisti kikiitwa ESPO kilikuwa kinahamasisha vijana wajiandikishe wakapigane na Warusi, sasa tarehe 20 Septemba mwaka huohuo wanamgambo wa siri wa PEAN, kundi la Wagiriki waliopinga uvamizi wa Wajerumani, wakaingiza bomu kwenye jengo la chama katikati ya Athens, likalipuka, kiongozi wao daktari Sterodimas akafa kwa majeraha na ule mpango wa kupeleka Wagiriki Urusi ukafa nao. Kostas Perrikos aliyeongoza kazi ile alikamatwa akapigwa risasi, na Ioulia Biba, mwalimu wa shule, akapelekwa Austria akakatwa kichwa. Nawataja kwa makusudi kabisa, watu wanajua majina ya majenerali wa SS kwa moyo na hao wawili hawajawahi hata kuwasikia.

Kwa hiyo hao wa kwenye picha, kwa mwaka huo na vazi hilo na huyo Mjerumani pembeni, karibu hakika ni batalioni za usalama, kwa Kigiriki Tagmata Asfaleias. Sketi ni fustanela, vazi la evzoni, askari wenye heshima kubwa kwao, ndo hao mpaka leo wanalinda kaburi la askari asiyejulikana pale Athens. Serikali ya vibaraka iliyowekwa Athens na wavamizi iliwavika hivyo wananchi waone hili ni jeshi lao. Ndo maana nakwambia vazi halikusaidii kujua mtu ni wa nani, angalia vitu vitatu: risasi zinatoka wapi, amri inatoka wapi, na amekula kiapo kwa nani.

Kwenye makaratasi walikuwa wa serikali hiyo ya Athens. Waziri mkuu Ioannis Rallis aliyewekwa Aprili 1943 ndo alipitisha sheria ya kuwaunda Juni mwaka huo na mshahara ulitoka serikalini kwake. Lakini silaha zilitoka kwa Wajerumani, ambao mwanzoni walisitasita kumpa Mgiriki bunduki asije akawageuka, wakaja kulegea baada ya Italia kusalimu amri Septemba 1943 maana waliachiwa eneo kubwa la kulinda na watu hawakuwatosha. Amri ikawa kwa Walter Schimana, mkuu wa SS na polisi kwa Ugiriki nzima. Na kiapo chao kilisema wazi kwamba watatii amri za Adolf Hitler. Hapo hakuna ubishi tena, sio divisheni ya SS ila waliongozwa na jenerali wa SS. Kufikia kiangazi 1944 walikuwa karibu 22,000. Usiwachanganye na watu wa kanali Georgios Poulos kule Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, wale walivaa sare za Kijerumani kabisa.

Kwa nini walijiunga? Wapo waliochukia ukomunisti na kuogopa ELAS, jeshi la msituni lililoongozwa na wakomunisti lililokuwa linateka wilaya baada ya wilaya, wapo maofisa waliokuwa wanawaza nani atashika nchi vita ikiisha, na wengine njaa tu, nchi ilikuwa imetoka kwenye njaa ya 1941 na 1942 iliyoua watu wengi mno. Naelewa njaa, ila njaa haielezi Kokkinia. Tarehe 17 Agosti 1944 walizingira mtaa huo karibu na Piraeus pamoja na Wajerumani, wanaume wakakusanywa uwanjani, watoa habari waliofunika nyuso wakapita wakinyoosha kidole, na aliyenyooshewa akauawa. Majirani zao hao.

Kuhusu mwisho wao. Mkataba wa Caserta wa Septemba 1944, kati ya serikali ya Ugiriki iliyokuwa uhamishoni, wapiganaji wa msituni na Waingereza, uliwatangaza kuwa vyombo vya adui wasipojisalimisha. Siku chache kabla yake, kule Meligalas kusini, ELAS walikuwa wamewashinda kwa mapigano ya siku tatu, kisha wakaua mateka kwa mamia wakiwemo raia, na hilo nalo ni uhalifu hata kama waliouawa walikuwa vibaraka. Rallis alihukumiwa kifungo cha maisha akafia gerezani 1946, Poulos akahukumiwa kifo na kuuawa 1949. Ila askari wengi wa kawaida hawakuguswa: Desemba 1944 vita vya mitaani vilipolipuka Athens kati ya ELAS na serikali iliyorudi kutoka uhamishoni ikisaidiwa na Waingereza, baadhi yao walitolewa kizuizini, wakapewa sare mpya na bunduki za Mwingereza, wakarudishwa kupigana na watu walewale.