Wanawake katika Lawrence of Arabia

Hapana kaka, umeuliza kama kuna mwanamke anayezungumza katika Lawrence of Arabia: hakuna. Filamu hiyo ya 1962, inayomhusu Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita Kuu ya Kwanza, inakwenda zaidi ya saa tatu na hakuna mwanamke hata mmoja anayetamka neno. Wanaonekana kwa mbali tu: wapiganaji wanapoondoka kwenda kuuteka mji wa bandari wa Aqaba, wanawake wamesimama juu ya majabali na mavazi yao meusi, wanapiga vigelegele, basi.

Sauti ya mama unayosema uliisikia itakuwa ya mtafsiri, kama uliitazama kwenye kibanda cha video. Hapa Mtwara, kule Magomeni, nilimsikia mmoja akiwawekea wale wa majabalini maneno marefu ya kuwaaga waume zao. Yalikuwa matamu kweli, ila hayamo kwenye filamu.

Na unaposema Waarabu wa filamu hiyo waliigizwa na Waarabu wenyewe, umepatia nusu. Mwigizaji Omar Sharif alikuwa Mmisri kweli. Lakini Mwanamfalme Faisal, kiongozi wa Waarabu, kaigizwa na Mwingereza, Alec Guinness, na Auda, mkuu wa kabila, ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico, tena kabandikwa pua ya bandia ili afanane na Auda mwenyewe.

Wanaosema ni hadithi ya vita, kwa hiyo wanawake wasingekuwepo, siwaungi mkono. Ni kweli jangwani walipigana wanaume. Lakini Gertrude Bell, mwanamke wa Kiingereza aliyeyajua makabila ya huko kwa kuyatembelea mwenyewe, alifika Cairo 1915 kufanya kazi na maofisa wa ujasusi wa Uingereza, Lawrence akiwa miongoni mwao. Sehemu za Cairo zimo kwenye filamu, yeye hayumo.