Jeki ya jirani imepindia Kitonga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tulinunua Coaster kuukuu, tukatoa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji la lita 200. Mwezi uliopita tulipata pancha ya tairi la mbele kushoto tukipanda Kitonga. Jeki tuliiazima kwa jirani mwenye Noah, na ilipinda kabla tairi halijaacha lami. Utingo wa lori ndiye aliyetuokoa. Sasa mume wangu anataka ile jeki ndefu ya Land Cruiser, na muuza spea ananiambia nichukue ya tani 20. Ninunue ipi, na niiweke wapi? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni. Pale Kitonga hata sisi tuliozeekea barabarani tulikuwa tunaomba pancha itukute kwingine.

Tuanze na muuza spea. Hiyo ya tani 20 ni jeki ya chupa, ile ya kupampu kwa mafuta, na kadiri inavyobeba tani nyingi, ndivyo kwa kawaida inavyokuwa ndefu hata ikiwa imeshushwa. Na tairi likiisha upepo gari linalala, nafasi ya kupitishia jeki inabaki kiduchu. Nilishawahi kuwa na jeki ya kuinua basi, nikalala kifudifudi usiku nje ya Makambako, baridi ya huko mnaijua, nachimba lami iliyomeguka kwa bisibisi ili jeki iingie chini ya ekseli. Abiria wananimulika tochi na kunishauri. Nguvu ninayo, nafasi sina.

Kwa hiyo usianze na tani, anza na futikamba. Gari likiwa nyumbani, mahali tambarare, toa upepo wote kwenye tairi la mbele. Pima kutoka chini hadi mahali pa kuinulia. Kitabu cha gari kinapaonyesha. Ondoa sentimita 4 za ubao utakaokaa chini ya jeki. Jeki ikiwa imeshushwa isizidi kipimo hicho. Kisha jaza upepo, pima tena: jeki ikiwa juu ya ubao wake ipande kupita hapo kwa vidole vinne au zaidi. Na kama mahali penyewe ni kwenye chesisi badala ya ekseli, ongeza sana, maana springi hulegea kwanza. Unapampu weee, bodi linapanda, tairi bado limekaa chini linakutazama. Zipo jeki zenye bomba ndani ya bomba, zinaanzia chini na kufika mbali. Hizo ndizo nazozipenda kwa gari lenu.

Tani sasa. Mkienda bara mtapita mzani wa Vigwaza, na gari la kuanzia tani 3.5 halina ujanja pale, lazima lipimwe. Piteni tangi likiwa limejaa, na vyombo vyote ndani, mwone kila ekseli ina kilo ngapi. Ukiinua tairi la upande mmoja unabeba kama nusu ya ekseli hiyo. Tuseme ya nyuma ina tani 3: utainua kama tani moja na nusu. Jeki ya tani 5 nzuri inatosha na kubaki.

Mumeo, mzee mwenzangu huyo, na jeki yake ndefu, wengine tunaiita ya Tanganyika, mwambie kwa heshima kwamba inataka bampa la chuma au ndoano imara. Bampa la Coaster ni bati. Halafu mpini wake ukikuponyoka unaweza kukuvunja taya.

Pa kuiweka: popote, ila si chini ya kitanda. Mimi yangu niliwahi kuiweka buti la nyuma, tairi likapasuka ndani ya Mikumi saa nne usiku, ikabidi nishushe magunia 14 ya mchele ya watu kwanza, huku sote tunasikiliza vichaka. Tengenezeni kasanduku karibu na ngazi ya mlango. Jeki isimame wima, imeshushwa, valvu imefungwa, ifungwe kwa mpira wa tyubu isicheze. Ikilazwa huvuja, na mafuta yale kwenye godoro hayatoki. Humo humo uwepo ubao wa mninga wa futi moja kwa futi moja, kabari mbili, spana ya magurudumu na bomba la kuongezea urefu. Bila ubao, kwenye udongo mweusi wa mbuga jeki inazama yenyewe na gari linabaki pale pale.

Kwenye mteremko kama ule wa Kitonga msiinue gari hata mkiwa na jeki ya dhahabu. Tambaeni nalo polepole hadi patambarare. Tairi limeshakufa, liache life zaidi. Fungeni gesi, watu wote washuke, nati zilegezwe tairi likiwa bado chini.

Jambo moja utingo labda hakukwambia: magari mengi ya Kijapani ya magurudumu pacha, yaani mawili mawili kila upande wa nyuma, hasa ya zamani, nati za kushoto hufunguka kinyume. Angalia kwenye bolti kama kuna herufi L. Vijana wengi wamezikata kwa kuzikaza wakidhani wanafungua.

Na hiyo jeki ya Noah, mnunulieni jirani nyingine.