Muulize Mwalimu: Mtaala wa Kiswahili kwa wageni, Amu

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Nafundisha Kiswahili chuo kikuu na kila Juni idara hunituma Amu (Lamu) na wanafunzi wa kigeni, wanakaa na familia Langoni na Mkomani wiki sita. Mwaka huu mkuu wa idara kanambia niandike mtaala wa kozi hiyo upite kamati, yuniti moja, masaa 45. Nimechukua silabasi ya mwaka wa kwanza ya wanafunzi wetu (ngeli, uundaji wa maneno, fasihi simulizi, historia ya lugha) nikapunguza punguza lakini bado haiingii. Alafu kuna hili la Kiamu, lahaja ya huku, mimi nafundisha "macho" wao nyumbani wanasikia "mato", jioni wananiuliza nani yuko sawa. Nifanyeje?

JIBU: Aleikum salaam mwalimu mwenzangu. Usipunguze tena, hiyo silabasi iweke kando kabisa. Imeandikwa kwa mtu anaeongea Kiswahili tangu utotoni na sasa anataka kukichambua kisomi, mgeni wako hata kuomba maji hajui.

Anza na masaa. Wamarekani kwenye chuo chao cha kufundisha wanadiplomasia wanakadiria wiki kama 36, masaa 900 hivi ya darasani, ndio mtu aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Wewe unayo 45, yaani moja ya ishirini, na bado unataka kutia fasihi simulizi humo! Kwenye ule mfumo wa ngazi sita wa Baraza la Ulaya wa 2001 wa kupima ujuzi wa lugha, A1 mpaka C2, andika unalenga A1, ngazi ya chini kabisa, na usione haya, kamati ikiguna waonyeshe hesabu.

Pili, uliza watu kabla hujaandika mada hata moja. Wanafunzi watumie fomu fupi kabla hawajapanda ndege, lakini usiishie kwao maana mwanafunzi hajui asichokijua. Waulize kina mama wanaowapokea, waulize mabaharia, muulize muuza samaki, wageni hukwama wapi? Nina hakika utaambiwa habari ya saa. Mgeni anaambiwa boti ya Mokowe inaondoka saa moja, yeye anaelewa saa saba mchana, boti ishaenda zamani, na hakuna silabasi ya ngeli itakayomwokoa hapo.

Majibu hayo ndio yanakuwa malengo yako. Usiandike "mwanafunzi ataelewa ngeli", hicho utakipima na nini? Andika "ataweza kununua vitu sokoni Mkunguni, kuuliza bei, kupatana na kuhesabu chenji". Na usiogope kwamba sarufi itapotea, itaingia yenyewe kwa mlango wa soko: samaki hawa, maembe haya, viazi hivi, ndizi hizi, tayari hapo una upatanisho wa ngeli nne na mtu anaona sababu ya kuzijua.

Tatu (hapa ndipo wengi wetu tunaharibu) andika mtihani kabla ya masomo. Mtaala ukisema mazungumzo alafu mwisho wa kozi ukaleta karatasi ya masaa mawili ya kujaza mapengo, wanafunzi watasomea mapengo, na wana haki. Mimi ningeweka angalau nusu ya maksi kwa kuongea, mtu kwa mtu, dakika kumi kumi, na vigezo vya kusahihisha viandikwe mapema vipite kamatini pamoja na mtaala.

Kuhusu Kiamu wote wako sawa. Msingi wa Kiswahili sanifu ulichaguliwa kuwa Kiunguja, lahaja ya Unguja, kwenye mkutano wa Mombasa 1928, ulikuwa uamuzi wa kiserikali wa wakati ule, haukufanya lahaja nyingine kuwa makosa. Kwenye mtaala tenganisha: kuongea na kuandika wafundishe sanifu, kusikiliza watie Kiamu tangu wiki ya kwanza, warekodi mazungumzo ya nyumbani kwa ruhusa ya wenyewe myafanyie kazi darasani. Mwanafunzi akijibu "mato" kwenye mtihani wa kuongea mpe maksi yake, kwani kajifunza wapi?

SWALI: Mwalimu, mimi nafundisha Kiitaliano wanafunzi wa utalii, chuo kikuu, niko Malindi. Natumia kitabu kutoka Italia ndio mtaala wangu. Kuna ubaya?

JIBU: Kitabu si mtaala dada yangu, au kaka, hukusema. Vitabu vingi vya aina hiyo vinamlenga mtu aliyehamia Italia, anatafuta nyumba, anaenda posta. Mwanafunzi wako atasimama risepsheni Malindi akimhudumia mzee aliyemzidi miaka 40, kwahivyo anahitaji ile "Lei" ya heshima mapema, na vitenzi vyake vya nafsi ya tatu umoja, kabla ya "tu" ya marafiki. Nenda hoteli mbili tatu, omba kukaa pale mapokezi asubuhi moja, andika maswali yote wageni wanayouliza. Alafu rudi kwenye kitabu uchague sura zinazoyajibu, zilizobaki ruka.