Avocat ni tunda ama ni mtu?

SWALI: Niaje mhariri, mimi niko Kondele Kisumu najifunza Kifaransa kwa simu, sasa app imeniambia avocat ni avokado, kesho yake inasema avocat ni wakili. Nishike gani?

JIBU: Shika zote mbili mdogo wangu, app haijakosea. Zinaandikwa sawa na kutamkwa sawa, "avoka", hiyo t mwishoni huachwa kimya, lakini asili ni tofauti kabisa. La wakili limetoka Kilatini advocatus, yule anayeitwa aje akusaidie. La tunda limetoka mbali, Meksiko, kwa Wanahua, wenyeji wa huko wanaosema lugha ya Kinahuatl, walioliita ahuacatl, Wahispania wakalibeba wakiliharibu haribu njiani mpaka likafanana na la wakili.

Kuzitofautisha angalia sentensi tu, ukiwa sokoni Kibuye hakuna mtu atakuuzia wakili watatu kwa hamsini. Pia wakili mwanamke ni avocate, hapo t inasikika, na mti wa avokado ni avocatier. Ukimwita wakili mbele yake sema maître. Halafu chunga avocat général, huyo kortini Ufaransa hakutetei, yeye ni upande wa mashtaka!