Gari Lako Likiungua, Usiruhusu Mtu Aguse Mabaki

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Singida aliniandikia ujumbe mrefu. Hiace yake iliungua usiku ikiwa imeegeshwa nje ya nyumba, mkopo wa benki haujafika hata nusu, na mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni ya bima amekwisha kumwambia, akiwa amesimama juu ya majivu, kwamba gari lililozimwa haliwezi kujiwasha moto lenyewe. Mwishoni aliniuliza: "Dada, wewe ulifanyaje?" Nilimjibu usiku ule ule kwa sentensi moja, kwamba asimruhusu mtu yeyote kugusa mabaki, kisha nikakaa macho hadi saa saba nikiyakumbuka mambo niliyodhani nimeyasahau.

Wengi mnaonisoma ni watu wa gari moja la biashara mnaoota la pili na la tatu, kama nilivyokuwa mimi, kwa hiyo nitaieleza habari yangu yote, pamoja na sehemu ambayo huwa siisimulii.

Noah yangu niliinunua mwaka 2018, ikiwa imetengenezwa mwaka 2003, na kwa miaka mitatu ilinilisha. Asubuhi ilibeba wanafunzi, mchana ilibeba yeyote, na Jumamosi ilikwenda harusini au msibani. Nilijivunia gari lile kupita kiasi na sioni sababu ya kuficha. Mtaani kwetu Mbezi hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha mwenyewe gari la wanafunzi, na wapo waliosema sitafikisha miezi sita.

Jioni moja ya Oktoba 2021 nilirudi kutoka Morogoro, nikaegesha uani, nikazima injini, nikaingia ndani kula. Haikupita nusu saa nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, ile harufu kali inayong'ang'ania kooni. Nilipotoka nilikuta vioo vyote vimefungwa, moshi mzito umejaa ndani ya gari, na chini ya usukani kuna mwanga mdogo wa rangi ya chungwa. Hapo nikafanya kosa: nikafungua mlango. Moto uliokuwa ukifukuta kwa kukosa hewa ukaipata hewa yote uliyoihitaji, ukapanda hadi darini kabla sijarudi nyuma hatua tatu. Nikakimbilia mtungi wa kuzimia moto, ule ule niliokuwa nikiwaonyesha askari wa usalama barabarani kila wanaponisimamisha, nikaubonyeza, ukatoa unga kidogo kisha ukanyamaza. Poda ilikuwa imegandamana chini, kwa sababu tangu niununue sikuwahi kuupeleka kukaguliwa. Jirani alipiga 114. Zimamoto walipofika gari lilikuwa limekwisha, lakini waliiokoa nyumba, na kwa hilo ninawashukuru mpaka leo.

Asubuhi yake mjomba wangu, kwa nia njema kabisa, alikuja na wanunuzi wa vyuma chakavu. "Mwanangu, kilichoungua kimeungua," aliniambia, "pokea chochote watakachokupa ufute machozi." Nilikuwa ndani nikiwapigia simu wazazi wa wanafunzi, na nilipotoka walikuwa wamekwisha kung'oa alteneta na masalia ya betri pamoja na nyaya zilizokuwa zimeshikana nayo. Niliwazuia yaliyobaki yasichukuliwe, tena si kwa akili bali kwa uchungu, maana sikutaka kuliona gari langu likikatwa vipande mbele ya macho yangu. Uchungu huo ndio ulioniokoa baadaye.

Siku ya nne akaja mkadiria hasara wa bima. Hakumaliza dakika kumi. Alipiga picha za rimu zilizoyeyuka na springi za viti zilizolegea, akaniuliza mkopo umebaki kiasi gani, akaandika. "Mama, aluminiamu ikiyeyuka namna hii, petroli imetumika," alisema, kwa sauti ya mtu anayekusaidia. Wiki tatu baadaye ikaja barua kwamba malipo yamesitishwa kwa kuwa kuna dalili za moto wa kukusudia. Niliisoma barua hiyo mara nyingi. Wifi yangu mmoja aliisoma pia, akaikunja, akanirudishia bila kusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko barua yenyewe.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya zimamoto, ambaye nilielekezwa kwake na rafiki. Alipofika hakwenda kwenye injini kama nilivyotarajia. Alianzia bampa la nyuma, akalizunguka gari lote mara mbili bila kugusa kitu. "Mama, tunaanza pale moto ulipofikia mwisho," alisema, "halafu tunaufuata kurudi kwake." Huo ndio utaratibu wa kazi hii popote inapofanywa vizuri: kutoka palipoungua kidogo kwenda palipoungua sana, kutoka nje kwenda ndani, na kutotaja chanzo kabla ya kujua mahali moto ulipoanzia.

Alinionyesha kwanza boneti. Upande wa mbele, karibu na taa, rangi ilikuwa bado ipo. Upande wa kioo rangi ilikuwa imeungua kwa umbo la feni iliyokunjuliwa. Kioo cha mbele nacho kilikuwa kimeachia kuanzia juu, na mabaki yake ya chini bado yameng'ang'ania fremu. Moto unaotoka kwenye injini kwa kawaida hukishambulia kioo kutokea chini, mara nyingi pale penye matundu ya kupitishia nyaya na mabomba, ilhali moto wa ndani hukusanya joto darini na kukiangusha kuanzia juu. Moto wangu, basi, ulitoka ndani ukaenda kwenye injini. Mkadiria hasara hakuliangalia boneti kabisa, na hilo bado linanikera.

Kuhusu rimu na springi, mzee alicheka kidogo. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi, na gari lenye viti vya sponji, dashibodi ya plastiki na matairi manne ya mpira huweza kupita kiwango hicho bila tone la petroli kumwagwa na mtu. Springi za kiti nazo hulegea kwa joto lolote kali la kutosha, hasa zikiwa zimebeba uzito. Zamani wachunguzi wengi waliamini ishara hizo, na wapo watu waliohukumiwa kwa imani hiyo, mpaka shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, NFPA, lilipotoa mwaka 1992 mwongozo wake namba 921, ambao unamtaka mchunguzi ayapime mawazo yake kwa ushahidi badala ya mazoea, na ambao una sura nzima kuhusu magari.

Tuliyachekecha majivu ya chini ya dashibodi kwa chekeche la jikoni. Alichukua pia vipande vya zulia chini ya viti, akaviweka kwenye makopo safi ya bati yenye vifuniko vya kubana, vikaenda maabara. Petroli ikionekana kwenye injini haithibitishi kitu, kwa kuwa ndipo inapokaa. Ikionekana kwenye zulia chini ya kiti cha abiria, hapo mwenye gari ana maswali ya kujibu. Kwangu haikuonekana.

Kilichoonekana ni waya. Ulikuwa waya wa king'ora cha kuzuia wizi, uliotoka kwenye betri na kupita kwenye tundu la ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Tundu hilo lilitobolewa kwa drili na halikuwekwa mpira wa kuzuia bati lisiumalize waya. Pale waya ulipogusana na bati kulikuwa na tone dogo la shaba, la mviringo, huku waya wa pembeni yake ukiwa mzima kabisa. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 hivi. Moto wa kawaida ukiiyeyusha, waya huharibika kwa urefu na mpaka wake hauonekani wazi, lakini shoti huyeyusha pale pale palipogusana tu. Mzee alikuwa mwangalifu hata hapo. Alisema tone hilo linathibitisha kwamba waya ulikuwa na umeme ganda lake lilipokatika, na kwamba peke yake lisingetosha kuwa chanzo, kwa sababu moto ulioanzia kwingine nao huunguza maganda ya nyaya na kuzalisha shoti. Lilipokubaliana na boneti, na kioo, na mahali nilipouona mwanga kwa macho yangu, ndipo aliporidhika.

Kisha akashika kishikio cha fyuzi cha waya ule ule, akakipangusa, akaniuliza taratibu: "Nani alifunga hiki?" Ndani yake hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa.

Sehemu hii ndiyo ambayo huwa siisimulii. Fyuzi ya king'ora ilikuwa imekatika mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila ilipokatika king'ora kilizima na gari lilikataa kuwaka, wanafunzi wakiwa wananisubiri. Mara ya tatu nilimwambia fundi, kwa maneno yangu mwenyewe, "Niwekee kitu ambacho hakitakatika." Akaniwekea. Ile fyuzi ilikuwa ikisema kweli kwa mwezi mzima, kwamba waya unasuguana na bati, na mimi nikalipia shilingi elfu tano ili inyamaze.

Mkondo wa umeme kwenye waya ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Betri ya volti 12 inayoonekana haina madhara hata ukiigusa kwa mikono huweza, ikipigwa shoti, kutoa mamia ya ampea. Fyuzi ndicho kitu pekee kinachosimama kati ya mamia hayo na sponji ya dashibodi yako. Nyekundu ni ya ampea 10, ya njano 20, ya kijani 30, na rangi hizo si mapambo. Ukimwona fundi anatoa nyekundu anaweka kijani, mshike mkono. Na usidhani kwamba fyuzi sahihi hukulinda na kila kitu: tamino iliyolegea, yaani pale waya unaposhikana na betri, au kiungo cha waya kilichofungwa kwa selotepu huweza kupata moto mkali huku mkondo ukiwa ule ule wa kawaida, na fyuzi isikatike.

Wala gari kuzimwa si kinga, kwa sababu king'ora, redio, alteneta na stata hubaki na umeme wa betri usiku kucha. Ford ya Marekani, kati ya mwaka 1999 na 2009, iliita yarudishwe kurekebishwa zaidi ya magari milioni 14 kwa ajili ya swichi moja ya kudhibiti mwendo, ambayo ilibaki na umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa, na baadhi ya magari hayo yaliungua yakiwa yameegeshwa. Uingereza nako, mwaka 2015, Vauxhall iliita zaidi ya Zafira 200,000 kutokana na moto kwenye mfumo wa kupasha joto, na mojawapo ya mambo iliyoyataja ni fyuzi ya joto iliyofanyiwa ukarabati usiofaa. Niliposoma habari hiyo nilijisikia aibu na faraja kwa pamoja. Habari hizo mbili niliziambatisha kwenye malalamiko yangu kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na ripoti ya mzee na majibu ya maabara, na baada ya miezi kumi na moja nililipwa, si yote niliyodai. Uzembe wangu ulipunguza malipo. Mabaki niliyoyahifadhi chini ya turubai ndiyo yaliyonisafisha jina. Barua ya kuniomba radhi haijaja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache mazoea. Hose ya petroli iliyokakamaa hubadilishwa, haifungwi raba. Oili inayodondokea ekzosi haisubiri mwisho wa mwezi. Baada ya kufanyiwa huduma fungua boneti mwenyewe, maana tambara la fundi lililosahauliwa juu ya injini limeunguza magari ya watu. Usiegeshe juu ya nyasi kavu ukitoka safari ndefu. Usibebe petroli kwenye dumu ndani ya gari. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukitafuta cheche, na sisi tuliopoteza zaidi ya watu 100 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipolipuka tarehe 10 Agosti 2019, hatuhitaji kufundishwa hilo na mgeni. Moshi ukitoka kwenye boneti usiliinue lote. Mtungi upeleke kukaguliwa kila mwaka. Na likishaungua, piga picha, funika, kataa wanunuzi wa vyuma, kataa hata mjomba wako kwa heshima zote, usiguse.

Yule kijana amenijibu juzi. Hiace yake iko chini ya turubai, na betri bado ipo mahali pake. Amenitumia picha kumi na nne, na kwenye picha ya tisa, kwenye tamino chanya, naziona nyaya tatu ambazo hazikutoka kiwandani. Nimemuuliza kila moja inakwenda wapi na nani aliyezifunga. Ameiona meseji, bado sijapata jibu.