Lijue anga la kila siku kabla nyotamkia haijafika

Kila habari za nyotamkia mpya zinapoenea kwenye simu za watu, wanaoanza huniuliza swali lile lile: ninunue darubini gani? Nami huwajibu: usinunue chochote bado. Toka nje usiku usio na mbalamwezi, tafuta mahali ambapo taa za barabarani hazikufikii, acha simu mfukoni kwa nusu saa ili macho yazoee giza, kisha anza kuwajua wenyeji wa anga: makundi ya nyota ya Kilimia, Jabari, Nge na Salibu, pamoja na Suheli, nyota ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitegemea. Jua pia sayari za Zuhura, Mshtarii, Mirihi na Zohali ziko wapi mwezi huu.

Nasema hivyo kwa sababu nyotamkia nyingi hazifanani kabisa na picha zake. Unachokiona ni doa la ukungu mwepesi, na huwezi kulitambua kuwa ni geni kama hujui jana pale palikuwa na nini. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Albert Jones wa New Zealand. Hakuwa mwanaastronomia wa kuajiriwa. Alikuwa akipima mwangaza wa nyota zinazobadilika-badilika, usiku baada ya usiku, hadi akafikisha vipimo zaidi ya 500,000 maishani mwake. Mwaka 1946, akiwa katika kazi hiyo, aliona kitu ambacho hakikupaswa kuwa pale: nyotamkia. Mwaka 2000, akiwa na miaka 80, ikamtokea tena. Miaka 54 ilipita kati ya nyotamkia hizo mbili, naye muda wote huo alikuwa anatazama tu.

Namba za mwangaza nazo huwavunja moyo wengi. Namba ikizidi kuwa kubwa, kitu kinazidi kuwa hafifu, na nyota ya namba 6 ndiyo karibu ya mwisho kuonekana kwa macho matupu penye giza zuri. Mtu akisikia nyotamkia imefika namba 6 hudhani ataiona kirahisi. Lakini nuru ya nyotamkia imetandazwa, ni kama kijiko cha sukari kilichokorogwa kwenye ndoo badala ya kikombe. Hapo ndipo darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50) inapokufaa, na hicho ndicho chombo cha kwanza ninachokushauri ununue. Ukishaelekeza pale, usikodolee macho katikati. Tazama kando kidogo, maana pembeni mwa jicho ndipo panapoona vizuri gizani.

Wala usiamini sana utabiri. Nyotamkia ISON ilitangazwa mwaka mzima kuwa itakuwa ya ajabu, ikasambaratika ilipolipita jua tarehe 28 Novemba 2013. Lovejoy ya mwaka 2011, iliyogunduliwa na Terry Lovejoy wa Australia, naye si mtaalamu wa kuajiriwa, ilitarajiwa kuyeyuka. Ikapenya ndani ya taji la jua, yaani tabaka lake la nje lenye joto kali, ikatoka upande wa pili, na kufikia Krismasi ilikuwa na mkia mrefu kwenye anga la kusini.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumejaliwa. Tunaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Jua letu huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo saa moja na robo hivi baada ya machweo giza limekamilika, wakati London mwezi wa Juni giza kamili halipatikani usiku kucha. Nyotamkia hung'aa zaidi zikiwa karibu na jua, na giza linaloingia upesi ni faida kubwa. Nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS, mwishoni mwa Septemba 2024, ilikuwa ya kutafutwa mashariki kabla ya mapambazuko. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa, upeo wa upande huo ni bahari tupu. Katikati ya Oktoba ikahamia magharibi baada ya machweo, na hapo aliyekaa Forodhani, Unguja, panapotazama magharibi, ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri.

Sasa daftari. Hili nalisisitiza kuliko darubini. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya mawingu, chombo ulichotumia na ulichokiona, hata kama hukuona kitu. Kupima mwangaza, vuruga fokasi mpaka nyota za jirani zitanuke zilingane na nyotamkia ulivyoiona, kisha linganisha. Na uwe mwangalifu sana na saa zetu. Ukiandika "saa 3 usiku", wewe unajua ni 21:00, lakini msomaji wa ng'ambo ataelewa 03:00. Andika saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Hapo tarehe nayo inabadilika: saa nane usiku wa kuamkia tarehe 13 ni 23:00 UTC ya tarehe 12. Kipimo kilichoandikwa vizuri unaweza kukituma COBS, hazina ya vipimo vya nyotamkia inayoendeshwa kutoka Slovenia, kikatumiwa na watafiti.

Masika yakifunga anga, fungua kompyuta. Chombo cha angani cha SOHO kilichorushwa mwaka 1995 kinapiga picha za pembezoni mwa jua na picha hizo ni za bure. Nyotamkia zaidi ya 5,000 zimepatikana humo, nyingi kwa macho ya watu wa kujitolea, na nyingi ni vipande vya ukoo mmoja uitwao Kreutz, ukoo wa Lovejoy ile ya 2011.

Kuhusu jua lenyewe, tafadhali nisikilize kwa makini. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi, CD, beseni la maji: vyote viache. Retina haina hisia ya maumivu, hivyo utajua umeumia baadaye. Tumia miwani yenye kiwango cha ISO 12312-2 au kioo cha kuchomelea cha namba 14. Usivae miwani hiyo ukachungulia kwenye darubini, kwani miale iliyokusanywa huitoboa. Kichujio cha darubini hukaa mbele, upande wa jua. Usipokuwa na chochote, vivuli vya mwembe vinatosha: jua lilipopatwa kipete (mwezi ukalifunika katikati, ukabaki mduara wa nuru pembeni) Rujewa, Mbarali, Tanzania, tarehe 1 Septemba 2016, ilitosha kutazama chini ya miti, ambako kila kijitundu cha mwanga huwa pete.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Luxor (Misri), Jeddah na Makka, Luxor kwa zaidi ya dakika 6. Kenya na Tanzania litamegwa tu. Nunua miwani mapema, na anza sasa kuchora madoa ya jua kila siku kwenye duara la ukubwa uleule, ili siku hiyo ujue ni doa lipi mwezi utalimeza kwanza.