Daktari Anajibu: p53 "haipo" kwenye ripoti ya mama

SWALI: Shikamoo daktari. Mama amepasuliwa saratani ya ovari, hatua ya 3C. Ripoti ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) imeandikwa: "p53 hakuna rangi kabisa, WT1 ipo, PR asilimia 60." Mjomba anasema kukosa p53 ni habari njema. Ni kweli? Na hizi protini zinaonyesha ataishi muda gani? – Binti, Mbagala

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hapo mjomba amekosea. p53 ni protini inayozuia seli kugeuka saratani, na maabara huitia rangi ya kahawia ili ionekane. Jeni ya p53 ikiharibika, chini ya darubini mara nyingi huonekana moja kati ya mambo mawili: viini karibu vyote vya uvimbe vimekolea kahawia, au havina rangi hata kidogo. Maana ni ileile. Na kwa kuwa karibu saratani zote za ovari za aina ya serasi ya daraja la juu (aina kali inayopatikana zaidi) zina hitilafu hiyo, p53 haitenganishi atakayeishi muda mrefu na asiyeishi. Ikisomwa pamoja na WT1, protini nyingine ya uvimbe, kazi yake ni kutaja aina ya saratani, basi; kwa mama zinaelekeza kwenye aina hiyo ya serasi.

Ila "hakuna rangi" ni jibu la kuhakikiwa. Seli zenye afya zilizo jirani na uvimbe, kama za mishipa ya damu na limfu, hutakiwa kuonyesha kahawia hafifu. Zikiwa tupu nazo, kilichofeli ni kipimo. Mara nyingi chanzo ni uhifadhi: bonge kubwa limesukumizwa kwenye kopo dogo, dawa ya kuhifadhi haikufika katikati, nyama ikaanza kuoza. Inatakiwa formalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa (kidhibiti asidi), ujazo mara 10 ya nyama, ndani ya saa 1 tangu itolewe, bonge likatwe vipande, likae saa 6 hadi 72. Kipimo kikitiliwa shaka, maabara hukata kipande kipya chembamba sana, cha mikroni 3 au 4, kutoka kwenye kibonge cha nta chenye nyama ya mama walichohifadhi. Mama haguswi tena.

PR, yaani kipokezi cha homoni ya projesteroni, ndiyo yenye uzito kidogo. Utafiti wa kimataifa wa 2013 ulionyesha kuwa katika aina hii, wenye PR kwenye asilimia 50 ya seli au zaidi waliishi muda mrefu kuliko wasio nayo. Huo ni wastani wa kundi, si hukumu ya mtu mmoja, na haubadilishi dripu za kemo, yaani dawa za karboplatini na paklitakseli.

Swali zito zaidi mpelekee aliyempasua: je, kuna uvimbe unaoonekana kwa macho uliobaki tumboni? Jibu zuri ni "hakuna". Kisha CA-125, protini ya kwenye damu inayosaidia kufuatilia saratani hii, ipimwe kabla ya kila dripu, maabara ileile, mwandike tarehe na namba. Tunachotazama ni kasi ya kushuka kuelekea chini ya 35. Namba moja peke yake haina maana kubwa, hasa wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kwani kidonda cha upasuaji tumboni nacho huipandisha.

Mkienda kliniki, hospitali ya saratani ya Ocean Road au kwingineko, ulizieni pia kipimo cha jeni za BRCA, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya ovari na matiti. Kinasaidia kuchagua vidonge vya baada ya kemo, na akikutwa na hitilafu ya kurithi, wewe na ndugu zako, wa kike kwa wa kiume, mnapaswa kupimwa.